Malipo Ndiyo Yaliyowaumbua
Anayeuza picha za watoto wanaodhalilishwa kingono huficha uso, jina na nchi yake. Malipo hawezi kuyaficha, maana bila malipo hana biashara.

Mwaka 1999, wapelelezi wa Posta ya Marekani na polisi wa Dallas waliivamia Landslide, kampuni ya mume na mke mjini Fort Worth, Texas. Ilijulikana kwa kupokea malipo ya kadi kwa niaba ya tovuti za ngono za watu wazima, kumbe fedha za picha za watoto zilipitia humo humo. Mume alihukumiwa miaka 1,335, baadaye ikapunguzwa hadi 180. Orodha ya wateja ikatumwa nchi nyingi. Uingereza ilipokea majina zaidi ya 7,000, na huko uchunguzi ukaingia doa: baadhi ya kadi zilikuwa za wizi, na wapo watuhumiwa waliojiua kabla ya kesi kusikilizwa. Jina kwenye orodha ni pa kuanzia tu.

Mwaka 2006 mabenki na kampuni za kadi ziliungana Marekani kuwafungia wauzaji hao njia. Baadhi wakakimbilia bitcoin wakidhani haiachi nyayo, ilhali kila muamala wake huandikwa kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulisoma.

Hapo ndipo arobaini za Welcome to Video zilipofika. Tovuti hiyo ya kuuza video za watoto kwa bitcoin ilianza 2015 kwenye mtandao wa giza. Wapelelezi wa mamlaka ya kodi ya Marekani, watu waliozoea kusaka wakwepa kodi, walijifanya wateja. Wakalipa kidogo, wakaifuata sarafu hadi kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina na namba ya simu ya kijana wa Korea Kusini. Isitoshe, msimbo wa ukurasa wa tovuti uliacha wazi anwani ya intaneti ya nyumbani kwake. Machi 2018 polisi wakaikuta seva chumbani kwa kijana huyo, ikiwa na video zaidi ya 250,000. Hadi habari ilipotangazwa Oktoba 2019, watu 337 walikuwa wamekamatwa katika nchi 38, na watoto wasiopungua 23 wameokolewa.

Kijana mwenyewe alifungwa miezi 18. Marekani ilimtaka, Julai 2020 Mahakama Kuu ya Seoul ikakataa kumtoa, na mamia ya maelfu ya Wakorea wakatia saini kutaka jaji wa kesi hiyo asiteuliwe Mahakama ya Juu. Mteja wake mmoja huko Marekani alifungwa miaka 15.