Matuta ya Ngazi katika Milima ya Uluguru: Nani Alibeba Gharama ya Kuhifadhi Udongo?

Makala haya yanachunguza historia ya matuta ya ngazi katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ili kubainisha kwa nini mbinu moja ya hifadhi ilikataliwa upande mmoja wa milima na kupokewa upande mwingine. Milima hiyo ni chanzo kikuu cha Mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Mvua inapomomonyoa mashamba ya miteremkoni, tope huingia mtoni. Kwa hiyo, namna mkulima wa mlimani anavyolima humgusa pia mtumiaji wa maji aliyeko pwani.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Wakulima walishurutishwa kuchimba matuta ya ngazi, na waliokaidi waliadhibiwa. Maofisa waliuchukulia upinzani kuwa ni ukaidi tu, lakini wakulima walikuwa na hoja. Katika miteremko mikali yenye udongo mwembamba, uchimbaji ulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuibua wa chini usiozaa. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Isitoshe, ardhi ya Waluguru ilikuwa mali ya ukoo wa upande wa mama. Kazi ya kudumu katika shamba la kuazima ilizusha swali la nani angekuwa na haki juu yake baadaye. Mnamo Julai 1955 zilizuka ghasia huko Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo, shurti la matuta liliachwa.

Hata hivyo, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, matuta yalidumu. Wakulima wa huko walilima mboga za kumwagilia na kuziuza mjini. Tuta lililoshika maji na udongo lilirudisha jasho la aliyelichimba.

Takriban nusu karne baadaye, mradi wa mashirika ya CARE na WWF katika bonde la Kibungo ulirejesha matuta, pamoja na upandaji wa miti mashambani, kwa utaratibu tofauti: mkulima alilipwa fidia kwa huduma ya kutunza maji, na watumiaji wa maji, ikiwemo DAWASCO, walitakiwa kuchangia.

Inadhihirika kwamba elimu ya kilimo pekee haitoshi kueleza matokeo hayo. Mwaka 1955 mkulima wa Matombo alitakiwa kutoa nguvu zake na mavuno yake ili wengine wapate maji safi, bila malipo wala hakika ya ardhi. Mtafiti anayepima mafanikio ya hifadhi kwa idadi ya matuta yaliyochimbwa hana budi kuuliza pia nani aliyachimba, katika shamba la nani, na kwa faida ya nani.