Pointi moja ya Geoffrion

Testi zimeisha, boom bado, kwa hiyo wikiendi hii nimekula buku tu. Nimezama kwenye historia ya hoki ya barafuni. Najua, sisi barafu tunaijua kwenye glasi ya juisi, lakini nivumilieni kidogo, stori yenyewe ni ya hesabu iliyotia watu uchungu.

Kwanza mjue kinachohesabiwa. Kule mfungaji bora wa msimu hapatikani kwa magoli peke yake, anapatikana kwa pointi. Goli ni pointi moja. Asisti nayo ni pointi moja ileile, hakuna cha nusu. Na kwenye goli moja wanaweza kupewa asisti watu wawili: aliyempasia mfungaji, na yule aliyempasia huyo aliyepasia, mradi wapinzani hawajakimiliki kile kisahani cha mpira mgumu hapo katikati. Yaani goli moja linaweza kuzaa pointi tatu kwa watu watatu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ligi ya NHL ilipoanza mwaka 1917 kilichotazamwa ni magoli, na msimu huo Joe Malone wa Montreal alitupia 44 katika mechi 20. Asisti zikaja kuingizwa kwenye vitabu baadaye, na hapo ndipo ubishi ulipozaliwa.

Sasa njooni kwa Maurice Richard, naye wa Montreal. Msimu wa 1944-45 alifunga magoli 50 katika mechi 50, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Mfungaji bora akawa nani? Elmer Lach! Lach alikuwa na magoli 26 tu, ila asisti 54, jumla pointi 80. Richard alikuwa na 73. Na hao wawili walikuwa wanacheza pamoja safu moja ya mbele, mmoja anapika mwenzake anakula. Mimi naona Lach alistahili, ila nikijiweka kwenye viatu vya Richard, aisee, inauma.

Miaka kumi baadaye ndiyo balaa lenyewe. Machi 1955 msimu unakaribia kuisha, Richard anaongoza kwa pointi, kitu ambacho hajawahi kumaliza nacho. Tarehe 13, kwenye mechi kule Boston, akapigwa gongo kichwani (gongo la kuchezea, siyo lile mnalolifikiria). Akarudisha, na kwenye vurugu hizo akamtwanga mwamuzi msaidizi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi 3 zilizobaki pamoja na mtoano wote.

Hapo muelewe, Richard hakuwa mchezaji tu. Kwa watu wa Quebec wanaoongea Kifaransa, ambao vyeo vikubwa na pesa viliwapita kwenda kwa wanaoongea Kiingereza, yeye alikuwa wa kwao. Campbell alikuwa wa upande ule mwingine. Na tarehe 17 akajipeleka mwenyewe uwanjani Montreal kuangalia mechi! Akarushiwa mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka ndani, mechi ikavunjwa na ushindi wakapewa Detroit. Nje watu wakavunja vioo vya maduka na kupora. Kesho yake Richard akaongea redioni kuomba watu watulie.

Mechi zilizobaki zilichezwa bila yeye, na mwenzake wa timu hiyohiyo, Bernie Geoffrion, akampita. Mashabiki wa nyumbani wakamzomea mchezaji wao kwa kosa la kufunga na kupasia. Hesabu ya mwisho: Geoffrion 75, Richard 74. Magoli walilingana, 38 kwa 38. Tofauti ilikuwa asisti moja, 37 kwa 36. Sasa jamani, angefanyaje? Akiona mwenzake yuko wazi asimpasie?

Richard alistaafu mwaka 1960 akiwa na magoli 544 na bila kuongoza kwa pointi hata msimu mmoja. Ligi ilikuja kuanzisha tuzo ya magoli matupu msimu wa 1998-99, na ikaipa jina lake.

Kinachonichekesha ni kwamba pamoja na kusema goli na asisti ni sawa, wakilingana pointi tuzo anapewa mwenye magoli mengi. Msimu wa 1979-80 Marcel Dionne na kijana Wayne Gretzky walimaliza wote na 137. Dionne alikuwa na magoli 53, Gretzky 51, basi Dionne akabeba. Msimu uliofuata Gretzky akapiga pointi 164, na 109 kati ya hizo zilikuwa asisti. Hapakuwa na wa kulingana naye tena, na tuzo ile akaichukua misimu 7 mfululizo.