Ngara na Biharamulo: Njia ya Wahamaji

Abiria wa basi la Rwanda akishapita Lusahunga, pori linamfunga kulia na kushoto. Wenye umri wanakumbuka kwamba kipande hiki cha barabara kilikuwa hakipitwi ovyo. Magari yalisubiriana, yakafuatana kwa msafara, na askari wenye bunduki wakapanda ndani, maana majambazi walijificha katika misitu ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Leo sehemu kubwa ya misitu hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na dereva hukanyaga mafuta tu.

Wasomi wengi wa historia yetu hukimbilia pwani, Kilwa, Bagamoyo na Zanzibar, wakitafuta habari za watu waliotoka kwao na waliofika kwa wengine. Mimi nasema habari hiyo imejaa pia huku juu, ila haikujengewa misikiti ya mawe wala milango ya nakshi. Imeandikwa njiani.

Mwaka 1861 msafara wa wapelelezi wa Kizungu, Speke na Grant, ulifika Usuwi, nchi iliyokuwa chini ya mukama Suwarora, katika eneo la Biharamulo ya leo. Ndani yake walikuwamo wapagazi waliotoka pwani na Unyamwezi, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akarudi akiwa huru. Usuwi hapakupitwa bila hongo. Nguo, shanga na waya vilihesabiwa, vikabishaniwa, vikatolewa tena, ndipo msafara ukaruhusiwa kwenda Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Speke alilalamika sana katika maandishi yake. Lakini mwenye nchi alikuwa na haki ya kujua nani anapita kwake na kwa nini.

Wajerumani walikuja na desturi nyingine. Boma lao la Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, bado limesimama juu ya kilima: kuta nene, ua katikati, na upeo unaomwonyesha mlinzi kila anayekuja kutoka mbali. Ukisimama ukutani unaelewa mara moja kwamba jengo lilikusudiwa kutazama watu. Mwaka 1916 Wabelgiji walilitwaa wakitokea magharibi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi kwa ramani. Mwaka 1923 ikakubaliwa kwamba eneo la Gisaka lirudi Rwanda, lakini Bugufi, katika Ngara ya leo, iliyokuwa na mizizi katika ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Hivyo Wahangaza wa Ngara wakawa watu wa upande huu, huku ndugu zao wa lugha na wakwe wao wengi wakibaki ng'ambo.

Ni hao hao waliofunga safari kwenda kutafuta fedha. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na kazi ya mshahara ilikuwa haba, basi vijana wakashika njia ya kaskazini kwenda kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Buganda, wengine wakaenda manamba kwenye mkonge. Walikwenda kwa miguu, wakirudi na nguo na blanketi, na waliobahatika wakisukuma baiskeli. Wapo waliooa huko wasirudi tena. Uhamaji huo umeacha athari ndogo katika vitabu vya shule, nami naona ni upungufu mkubwa.

Halafu mkondo ukageuka. Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959 walipokelewa, na mwaka 1980 serikali ikawapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 nchini. Warundi wakaja 1972, wakaja tena kwa wingi Oktoba 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Kisha Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda.

Pale mto Kagera unajibana kati ya majabali na kuporomoka, maji ya rangi ya udongo, mvuke ukipanda hadi darajani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja hilo wakiwa na magodoro, sufuria na watoto mgongoni. Waliokimbia mauaji ya Rwanda na waliokuwa wameua walivuka pamoja, na mapanga yakarundikana mpakani. Chini yao mto ulikuwa unabeba maiti kuelekea Ziwa Viktoria.

Walipokomea ni Benaco. Katika siku chache uwanda ule ukawa na watu kuliko miji yetu mingi, ukafuatiwa na kambi za Lumasi, Musuhura na Kitali, na wageni wakawazidi wenyeji wa Ngara kwa idadi. Miti ikaisha kwa kuni. Mashamba ya migomba na mihogo ya wenyeji yakavunwa na wasioyapanda. Hata hivyo wenyeji ndio waliotoa chakula cha kwanza, kabla malori ya misaada hayajajipanga, na jambo hilo halitajwi inavyostahili. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza kurusha matangazo kutoka Ngara, wakimbizi na wenyeji wakisikiliza sauti moja.

Desemba 1996 serikali ilipoamuru Wanyarwanda warudi, maelfu waliziacha kambi wakaelekea mashariki, porini, kinyume kabisa na kwao, mpaka jeshi na polisi wakawageuza. Kambi ya Lukole ya Warundi ilidumu hadi 2008.

Benaco ya leo ni njia panda: malori ya mizigo, mishikaki, ndizi, na matawi ya barabara kwenda Rusumo, Ngara na Karagwe. Kijana anayeuza maji ya chupa pale amezaliwa baada ya yote hayo. Lakini waliogawa viazi vyao Aprili ile wako hai, katika vijiji vya Kasulo na Rusumo, na wajukuu wa waliokwenda Buganda wako Rulenge na Kabanga. Boma la Biharamulo lina vyumba vya kutosha kuhifadhi sauti zao, na kinasa sauti siku hizi kimo katika kila simu. Halmashauri za wilaya hizi mbili zianze na wazee wa Kasulo, mwaka huu.