Kutoka Barua hadi Uthibitisho: Historia ya Sindromu ya Heyde, 1958–2003

Mwaka 1958, jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya Edward Heyde, daktari wa mji wa Vancouver katika jimbo la Washington, Marekani. Heyde alieleza kuwa katika kipindi cha miaka kumi aliwaona wagonjwa wasiopungua kumi waliokuwa na vali ya aota iliyokakamaa na kusinyaa, ambao pia walivuja damu nyingi katika njia ya chakula bila chanzo kubainika. Barua hiyo haikuwa na nadharia wala matokeo ya maabara. Makala hii inachunguza namna dai hilo lilivyopata uthibitisho baada ya miaka 45, na kinachofunuliwa na safari hiyo kuhusu mgawanyo wa maarifa ya tiba.

Ugumu wa kwanza ulihusu kukiona chanzo chenyewe. Daktari wa upasuaji aliyepasua tumbo la mgonjwa aliyevuja damu mara nyingi hakukuta kidonda wala uvimbe. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1960 na 1970, pale upigaji picha za mishipa ya damu kwa eksirei, na baadaye endoskopi, ulipoonesha vishipa vidogo vilivyotanuka na kujipinda chini ya utando wa utumbo, hususani utumbo mpana wa upande wa kulia. Kasoro hiyo ilikuja kuitwa anjiodisplasia. Damu yake aghalabu huvuja kidogo kidogo, hata isionekane kwa macho katika choo. Mgonjwa hupungukiwa madini ya chuma, hudhoofika na kurudi hospitalini mara kwa mara kuongezewa damu.

Ugumu wa pili ulikuwa wa kimantiki. Baadhi ya wataalamu walihoji kuwa kusinyaa kwa vali na anjiodisplasia yote ni maradhi ya uzeeni. Hivyo, kukutana kwake ndani ya mwili mmoja kungeweza kuwa sadfa tu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na athari zake ziliwafikia wagonjwa. Iwapo tatizo ni la utumbo peke yake, basi utumbo ndio wa kukatwa. Hata hivyo, mwaka 1987, King na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonesha kuwa wengi wa wagonjwa waliobadilishiwa vali waliacha kuvuja damu, ilhali wengi wa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo waliendelea kuvuja. Kwa maneno mengine, wapo waliopoteza sehemu ya utumbo huku kiini cha maradhi kikibaki kifuani.

Kilichokosekana ni kiungo kati ya moyo na utumbo. Mwaka 1992, Warkentin na wenzake nchini Kanada walipendekeza kuwa kiungo hicho kimo ndani ya damu yenyewe: protini iitwayo kwa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeeleza ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu mwaka 1926. Protini hiyo huunda minyororo mirefu inayosaidia chembe sahani kunata kwenye mshipa uliojeruhiwa. Damu inapolazimishwa kupita katika tundu jembamba la vali, msukosuko huifungua minyororo hiyo, na kimeng'enya huikata kwa urahisi. Mgonjwa hubaki na vipande vifupi visivyotosha kuziba vishipa dhaifu vya utumbo.

Mwaka 2003, Vincentelli na wenzake nchini Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 50 wenye kusinyaa kwa vali ya aota. Upungufu wa minyororo mirefu uliambatana na ukali wa ugonjwa wa vali, nao ulirekebika siku ya kwanza baada ya vali kubadilishwa. Hapo hoja ya sadfa ilipoteza nguvu.

Historia hii inabainisha kuwa ucheleweshaji haukutokana na uhaba wa vifaa pekee. Moyo, utumbo na damu viligawanywa miongoni mwa wataalamu tofauti, na kila upande ulitafuta jibu ndani ya mipaka yake. Heyde aliweza kuuona uhusiano huo mapema kwa sababu aliwatazama wagonjwa walewale kwa miaka mingi, akakumbuka, akahesabu. Hivyo basi, kumbukumbu makini za daktari wa kawaida zinastahili kuhesabiwa kuwa chanzo halali cha maarifa, hata pale maelezo ya kisayansi yanapokuwa bado hayajapatikana.