Tembo la Ujiji na Waonja Mvinyo wa Paris

Ukipanda boti Kigoma kuelekea kaskazini, ukaipita misitu ya Gombe, utafika Mwamgongo, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Huko ni kwenye michikichi. Sisi wa mjini tunaujua mti huo kwa mawese, lakini hutoa pia tembo, na tembo hilo ndilo lililowaharibia jina wazee wa mwambao ule.

Februari 1858 Mwingereza Richard Burton aliingia Ujiji pamoja na mwenzake Speke. Katika kitabu alichokichapisha 1860 aliwaeleza Wajiji kuwa walevi wa kupindukia, na kileo chao kipenzi akakitaja: tembo. Miaka mitatu tu kabla ya safari hiyo, mwaka 1855, mvinyo wa Bordeaux nchini Ufaransa ulikuwa umepangwa madaraja rasmi. Waliopanga ni madalali, nao walifuata zaidi bei ya sokoni. Basi mnywaji wa kule akaitwa mjuzi, wa kwetu akaitwa mlevi!

Hebu tuitazame hiyo kazi ya kuonja. Zamani ililetwa na hofu. Wafalme waliogopa sumu, wakaweka watu wa kuwaonjea. Nehemia wa kwenye Biblia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Huku kwetu, Buha na kwa jirani zetu wa Burundi, mwenye pombe huvuta mrija kwanza ndipo mgeni avute, ili ajue chungu ni salama. Nenda sasa katika hoteli kubwa: mhudumu humimina mvinyo kidogo kwa aliyeagiza, huyo huonja na kutikisa kichwa, ndipo wengine wapewe. Siku hizi wanatafuta mvinyo ulioharibiwa na kizibo, si sumu, lakini tendo ni lile lile.

Na tembo lina ujuzi wake. Huanza kuchachuka tangu linapodondoka kibuyuni. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, likikaa sana ni siki. Mvinyo husubiri miaka pishini. Tembo halimsubiri mtu, kwa hiyo ulimi lazima ujue saa. Tena ujue na maji, maana wahenga walishatuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hao wajuzi wa Ulaya nao walipimwa. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji mashuhuri wa Kifaransa mjini Paris, akawamiminia mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha majina. Walionja, wakatema, wakaandika alama. Matokeo yalipotangazwa, mweupe ulioongoza ulitoka California, na mwekundu ulioongoza vile vile. Jaji mmoja alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Alinyimwa.