Shule Isiyokuwa na Wazazi

Mgeni akifika Bagamoyo huonyeshwa kanisa la kale, makaburi, na njia ya miembe. Mimi leo nataka kumwonyesha jambo lisiloonekana kwa macho, yaani shule iliyoanzwa pasipo baba wala mama.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walitoka Unguja wakajenga Bagamoyo mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, na wengine walinunuliwa katika soko la Unguja. Wazazi wao walikuwa mbali bara, au walikwisha kufa. Wakafundishwa kusoma na kuandika, kulima, useremala na uhunzi. Mwalimu alikuwa mwalimu, mzazi na mkuu, yote katika mtu mmoja.

Kazi hiyo ilizaa matunda mengi, lakini ilikuwa na upungufu wake. Mtoto aliyeonewa hakuwa na ndugu wa kumsemea, wala mwalimu aliyekosea hakuwa na mzazi wa kumwuliza. Wengine walitoroka. Waliobaki walioana, wakapewa nyumba na mashamba katika kijiji cha Wakristo. Watoto waliozaliwa humo ndio waliokuwa na baba na mama wa kuwapeleka shuleni.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa mtu wa mtaani, ajulikanaye na wazazi. Kwa hiyo Wadachi walipofungua shule ya serikali huko Tanga mwaka 1892, wazazi wengi Waislamu walisita kuwatoa watoto wao. Na hapa Bagamoyo Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyefariki mwaka 1897, aliitoa nyumba iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe. Hakuwa mwalimu, lakini alisema neno juu ya shule.

Katika siku zetu, mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002 uliwapa wazazi nafasi katika kamati za shule. Mwaka 2016 michango ya lazima ilipoondolewa, wengine walidhani na wajibu wao umeondolewa.

Katika shule moja niliyofundisha, mtoto mmoja hakuonekana kwa majuma mawili. Sisi walimu tulimwandika mtoro, basi. Mwalimu mkuu akaenda kwa miguu mpaka kwao, karibu na mto Ruvu, akamkuta akiamia ndege katika mpunga. Hakugomba. Aliketi na baba yake wakapatana: asubuhi baba aamie mwenyewe, alasiri mtoto amsaidie. Kesho yake mtoto alirudi darasani.

Watoto wale wa kwanza walinyang'anywa wazazi wao kwa nguvu. Hawa wetu wanao. Je, tuwafanye yatima kwa uvivu, sisi walimu tusiopiga hodi, nanyi wazazi msiofika shuleni?