Matoleo yasiyo feza: namna ya kutoa na kupokea mazao, mifugo, ardhi na kazi

Katika makanisa yetu ya Fizi, Baraka na Minembwe, wakristo wengi wana mali lakini hawana feza mkononi. Mfugaji wa nyanda za juu ana ng'ombe, lakini soko ni mbali na njia si salama. Mama wa Baraka ana muhogo na mawese. Franka anaziona siku ya soko tu. Kama tunahesabu feza peke yake kuwa toleo, watu hawa wanaonekana kuwa hawana kitu, na hiyo si kweli. Tena, mara nyingi kazi ya Bwana inahitaji vitu vyenyewe: matofali, mbao, chakula cha ndugu waliokimbia vita.

Lakini toleo la mali linahitaji uangalifu kuliko feza. Ng'ombe anakula, anaugua, anaibwa. Shamba lina jamaa na majirani. Kanisa likipokea bila utaratibu, toleo la furaha linaweza kuzaa ugomvi wa miaka mingi. Kwa hiyo tunashauri jambo moja kabla ya yote: mapatano yafanyike kabla ya toleo kuletwa, si baadaye.

Maandiko yanatuonyesha nini

Hema ya kukutania ilijengwa kwa vitu na kwa kazi za mikono: dhahabu, ngozi, mbao, na nyuzi ambazo wanawake walisokota (Kutoka 35). Vilipotosha, Musa alizuia watu wasilete zaidi (Kutoka 36). Walawi 27 inaonyesha kuhani akikadiria bei ya nyumba, shamba na mnyama asiyefaa kwa madhabahu. Barnaba aliuza shamba lake, akaleta feza kwa mitume (Matendo 4). Na Paulo, akipeleka msaada wa makanisa, alitaka asindikizwe na ndugu wengine, ili asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8). Kutoa na kuhesabu vinakwenda pamoja.

Mazao na chakula

Hili ndilo toleo jepesi kwa wengi. Milimani kuna maharagwe, viazi, mahindi na maziwa. Kando ya ziwa Tanganyika kuna dagaa, mawese na muhogo. Kinachopatikana kwa wingi upande mmoja kinahitajika upande mwingine, na njia ikiruhusu, makanisa yanaweza kusaidiana bila kununua.

Tupime mbele ya watu: kwa kilo, kwa mfuko, kwa kopo, au kwa bidoni ya lita 20. Tuandike kipimo, na bei ya soko la siku ile. Vinavyooza haraka vigawiwe au viuzwe wiki ileile. Washiriki wakipewa nafasi ya kununua, mtu wa komite asijiuzie kwa bei ya chini.

Mfano mzuri unatoka Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India. Mwaka 1910 wamama wa kanisa la Presbyterian walianza kuweka pembeni kiganja kimoja cha mchele kila walipopika. Mchele huo unakusanywa na kuuzwa kwa kazi ya Injili, na desturi hiyo inaendelea mpaka leo. Kwetu, kopo la unga wa muhogo linaweza kufanya vilevile.

Mifugo

Kwa ndugu wafugaji, ng'ombe ni zaidi ya bei yake: ni heshima, ni urafiki, ni mahari ya kijana. Anayemtoa ametoa kitu cha moyoni, naye apokelewe hivyo. Lakini tangu mapigano yalipozidi katika nyanda za juu mwaka 2017, vijiji vingi vimechomwa na mifugo mingi sana imeporwa. Hatushauri kanisa lijenge kundi lake. Kundi linalojulikana kuwa la kanisa linaweza kuvuta waporaji, na mchungaji wa mifugo ndiye atakayelipa kwa maisha yake.

Njia tatu ni bora. Ya kwanza, ng'ombe abaki kwa mwenyewe mpaka siku ya kuuzwa, ndipo feza zifike kanisani. Ya pili, atolewe maziwa au ndama badala ya mama. Ya tatu, apewe mjane au yatima, kwa mapatano kwamba ndama jike wa kwanza atakwenda kwa mhitaji mwingine. Dan West wa Church of the Brethren, Marekani, alianzisha kazi ya namna hiyo; mitamba ya kwanza ilipelekwa Puerto Rico mwaka 1944. Rwanda nayo inafanya hivyo tangu 2006 katika mpango wa Girinka.

Mnyama mgonjwa asitolewe: Malaki 1 imekwisha kusema juu ya jambo hilo.

Ardhi

Hapa twende polepole. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Serikali. Mtu anakuwa na haki ya kuutumia. Vijijini, sehemu kubwa inashikwa kwa desturi, bila karatasi. Basi kabla ya kupokea kiwanja tuulize:

- Mume na mke wamekubaliana wote wawili? Watoto wakubwa wanajua?
- Majirani na chefu wa kijiji wameonyesha mipaka na kutia sahihi?
- Kuna mtu aliyekimbia vita anayesema kiwanja ni chake? Kama yupo, tusipokee. Kanisa lisijengwe juu ya shamba la ndugu asiye na nafasi ya kusema.
- Karatasi itaandikwa kwa jina la jumuiya yenye utu wa kisheria? Isiandikwe kwa jina la mchungaji.

Yesu alikemea wale waliotoa kwa Mungu kile kilichopaswa kusaidia wazazi wao (Marko 7). Toleo linaloacha jamaa bila shamba la kulima lirudishwe kwa upole.

Kazi na ufundi

Aliyepoteza vyote bado ana mikono. Siku ya kufyatua matofali, kushona nguo za yatima, kutengeneza mlango: yote ni matoleo. Yaandikwe kwa siku na kwa jina, sawa na feza.

Utaratibu wa kupokea

1. Mtoaji aseme mapema anataka kutoa nini, na kwa kazi gani.
2. Watu watatu wasio jamaa yake wakadirie bei. Mmoja wao awe mama.
3. Mweka-hazina aandike katika daftari: tarehe, kitu, kipimo, bei, kazi yake. Mtoaji apate nakala yenye sahihi.
4. Kitu kikiuzwa, bei iliyopatikana iandikwe kando ya bei iliyokadiriwa.
5. Kanisa lisomewe hesabu kila miezi mitatu.

Mahali penye hatari, tusitangaze majina wala mali ibadani; daftari linatosha.

Mwisho, asilazimishwe mtu. Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza (Matendo 5). Tuanze na kidogo: mzee wa kanisa anunue daftari, wamama wachague kopo la kipimo, na Jumapili ijayo tutangaze kwamba anayekuja na maharagwe amekuja na toleo kamili.